Mashini Iliyochoka: Je, Ni Halali Kuitupa?

Na awe mwalimu wa shule ya sekondari mjini Butembo. Ana kompyuta ndogo ya kukunja, iliyotengenezwa mwaka 2015, naye huitumia kuandika mitihani, kuhesabu alama na kutunza majina ya wanafunzi wake. Zamani iliamka upesi. Siku hizi akiifungua asubuhi, humaliza kikombe kizima cha chai kabla haijawa tayari. Betri yake haidumu hata nusu saa, na umeme ukikatika katikati ya kazi, kazi hupotea pamoja nao. Mpwa wake amwambia, "Mjomba, mashini hii imekufa. Itupe, ununue nyingine." Mwalimu ana akiba kidogo, lakini akiba ile ile yatakiwa kwa karo ya mtoto. Aende wapi? Kwa mwenye duka, au kwa fundi?

Watu wengi watasema kwamba jambo hili halina haja ya kuulizwa dhamiri. Ni hesabu ya fedha tu, nayo kila mtu huijua hesabu ya mfuko wake. Hata hivyo yafaa kuichungua hukumu hiyo polepole, maana ndani ya mashini ndogo namna hii mna haki za watu wengi, na mtu aweza kuzivunja pasipo kukusudia.

Kwanza ujulikane ugonjwa wenyewe. Nyingi za mashini za miaka ile ziliwekewa diski ya kuzunguka, yaani sahani zizungukazo mara 5,400 kwa dakika, na juu yake mkono mwembamba upitao huku na huku kuyatafuta maandishi, kama karani atafutaye karatasi moja katika kabati zima. Mitikisiko ya safari juu ya pikipiki si rafiki wa mkono ule. Diski ya namna mpya haina kitu kizungukacho wala mkono. Yote hukaa katika vipande vidogo vya umeme na kusomwa mara moja. Tena kuna kumbukumbu ya kazi, ambayo ni kama meza ya yule karani. Meza ikiwa ndogo, hulazimika kila mara kurudisha vitabu kabatini apate nafasi ya kufungua vingine. Mashini yenye gigabaiti 4 ina meza ndogo mno kwa programu za leo; ikiongezewa hata ifike 8, hupumua. Betri nayo, ikiisha kujazwa mara 300 au 500, hupungukiwa nguvu, wala hilo si kosa la mtu. Mwisho kuna vumbi, ambalo huziba njia ya hewa, mashini ikashikwa na joto, ikajipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Wengi hudhani kwamba ni uzee, kumbe ni vumbi la miaka minane ambalo hakuna aliyelipangusa.

Basi fundi akiondoa diski ya kuzunguka na kutia mpya, akiongeza kumbukumbu, akibadili betri na kusafisha njia ya hewa, mashini iliyodhaniwa imekufa huamka kwa dakika moja au chini yake. Gharama ya kazi hiyo kwa kawaida ni ndogo kuliko bei ya mashini mpya, na mara nyingi ni ndogo sana.

Lakini kuna uzee mwingine usiotoka katika chuma wala katika vumbi. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha ulinzi wa kawaida wa Windows 10, ijapokuwa iliacha mlango wa nyongeza ya mwaka mmoja kwa wale watakao. Windows 11 iliyoshika nafasi yake huzikataa nyingi za mashini zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018. Mashini ya mwalimu ilikuwa nzima tarehe 13, ikawa nzima vile vile tarehe 15. Ila katikati ya siku hizo ilitangazwa kuwa mzee. Msomaji atambue tofauti hiyo. Kitu kuchakaa ni sheria ya ulimwengu. Kitu kuambiwa kimechakaa ni uamuzi wa watu, na uamuzi wa watu waweza kuulizwa kama ni wa haki. Wala mwalimu hakuachwa bila njia, kwa kuwa ziko programu huru za jamii ya Linux, zisizodai malipo, na baadhi yake ni nyepesi hata kwa mashini dhaifu. Mojawapo ijulikanayo sana ni Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Kusema kweli, mwenye kuihamia hupata taabu majuma ya kwanza: vitufe havipo alipovizoea, na pengine nyaraka za ofisini hazifunguki vizuri. Taabu hiyo ni lazima ihesabiwe katika bei.

Sasa lije swali lenyewe. Kama mwalimu aweza kuiponya mashini kwa fedha kidogo, je, analazimika kufanya hivyo? Au ni shauri lake tu, kama mtu achaguavyo rangi ya shati?

Mashini haikuota kama uyoga. Ndani yake mna tantali, madini yatokayo katika koltani, yanayotumika katika vidude vidogo vya kuhifadhi umeme. Machimbo ya Rubaya, katika wilaya ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, hukadiriwa kutoa asilimia 15 hivi ya koltani ya dunia nzima. Tangu Aprili 2024 yamo mikononi mwa waasi wa M23, na maporomoko ya udongo yamewazika wachimbaji huko zaidi ya mara moja. Ndani yake mna bati ya kuunganishia sehemu zote, na bati huchimbwa Bisie, wilaya ya Walikale, katika jimbo lile lile. Katika betri mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, hasa pande za Kolwezi. Madini hayo husafirishwa mbali, huyeyushwa na kufanywa vipande katika viwanda vya Asia, hupelekwa Ulaya au Marekani, hutumika huko ofisini miaka mitatu au minne. Kisha mashini iliyokwisha kutumika huuzwa Dubai au penginepo, hufika Mombasa, hupita Kampala, huvuka mpaka Kasindi, hupanda hadi Beni na kufika Butembo. Kutoka Mombasa peke yake ni zaidi ya kilometa 1,500. Yaliyoondoka jimboni kwa magunia hurudi kwa gramu, na mwenyeji huyanunua.

Kutokana na hayo wengine husema: mwalimu ana deni kwa wachimbaji, basi asiitupe kazi yao jalalani. Maneno hayo huugusa moyo, lakini yafaa yapimwe, maana kuna mtu atakayejibu hivi: "Mchimbaji alikwisha kulipwa, vizuri au vibaya. Mwalimu akiitunza mashini miaka mitano zaidi, mchimbaji hapati hata senti. Kinyume chake, watu wote wakianza kutengeneza vitu vyao vya kale, koltani haitatakiwa sana, na mchimbaji atakosa hata kile kidogo." Hoja hii ina nguvu, wala haiondolewi kwa maneno matamu. Katika Kivu wapo maelfu wanaokula kwa sururu, na wana watoto.

Jibu lake ni hili. Hakuna avunjaye vyungu vya jirani ili mfinyanzi apate kula. Mfinyanzi ana haki ya kula, hapana shaka. Ila chakula chake kitoke katika bei ya haki ya chungu kinachohitajiwa, kisitoke katika uharibifu. Mchimbaji wa Rubaya anapungukiwa kwa sababu ya watu wa kati, wenye bunduki, na bei iliyopangwa mbali naye. Mashini zikitupwa mara mbili zaidi, yeye atachimba mara mbili zaidi katika shimo lile lile. Kwa hiyo deni la mwalimu haliwezi kuitwa malipo, na asijidanganye kwamba amemsaidia mtu wa Masisi kwa kubadili diski. Ni deni la namna nyingine: kutoifanya kuwa bure kazi ambayo wengine waliifanya kwa hatari. Anayepewa chakula na maskini hakitupi, hata kama maskini hatajua. Deni la namna hiyo ni la kweli, lakini ni jepesi kuliko karo ya mtoto wake, na dhamiri njema hujua kuyapanga madeni kwa uzito wake.

Hapo ndipo wahubiri wa akiba wanapokosea mara nyingi. Humsifu maskini kwa kutunza kitu cha kale, kana kwamba ana chaguo. Mkimbizi aliyetoka kijiji cha wilaya ya Beni, ambako mauaji ya raia yamewahamisha watu wengi tangu Oktoba 2014, akiwa na mashini yake ndani ya mfuko pamoja na vyeti vyake, haitunzi kwa sababu ya fadhila. Anaitunza kwa sababu hana nyingine. Kumpa sifa kwa jambo hilo ni kumcheka. Fadhila yaanzia pale mtu anapoweza kununua mpya, akaangalia, akaona kwamba ya kale yatosha. Basi swali la mashini za kale liulizwe kwanza katika ofisi zenye bajeti, zile zinazobadili kompyuta zote kila baada ya miaka mitatu kwa kuwa fedha ya mwaka isipotumika itarudishwa. Ofisi kama hizo si chache katika Beni, mji uliopokea mashirika mengi wakati wa maradhi ya Ebola ya 2018 hadi 2020, na tena mamlaka ya jimbo baada ya Goma kuanguka mwezi wa Januari 2025. Mwalimu wa Butembo angeshangaa kuona ni nini kinachowekwa stoo huko.

Na mzigo wa kwanza kabisa ni wa mtengenezaji. Mashini nyingi nyembamba za siku hizi zina kumbukumbu iliyochomelewa kwa bati moja kwa moja, hata fundi hodari hawezi kuiongeza, na betri iliyogandishwa kwa gundi. Wenye kuziunda husema kwamba ni kwa ajili ya wepesi na uzuri. Yawezekana. Lakini aundaye kitu akijua kwamba hakitaponyeka, huku akiweza kukiunda vingine, amekwisha kumwamulia mnunuzi siku ya kukitupa. Ufaransa mwaka 2015 ilitunga sheria inayomhesabu kuwa mhalifu yule afupishaye kwa makusudi maisha ya kitu anachouza, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka miwili na faini ya euro 300,000. Tangu Januari 2021 kompyuta za kukunja ziuzwazo huko zimepaswa kuandikiwa alama, toka 0 hadi 10, ya kuonyesha kama zatengenezeka kwa urahisi. Mnunuzi wa Butembo hupata mashini zile zile baadaye, ila karatasi yenye alama imekwisha kubanduliwa.

Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vifaa vya umeme vilivyoharibika, na chini ya robo yake ndiyo iliyojulikana kuwa imekusanywa na kuyeyushwa kwa utaratibu. Zilizobaki hufukiwa, huchomwa, au husafirishwa kwa jina la msaada. Tangu Januari 2025 Mapatano ya Basel yadai kwamba nchi ipelekewayo taka za namna hii iarifiwe na kukubali kwanza. Sheria njema, lakini mpaka wa sheria hiyo hupita mahali pagumu, kwa kuwa mashini iliyochoka huko Ulaya ni taka kwa mmoja na ni riziki kwa mwingine. Inayoamua ni mikono ya fundi.

Kwa sababu hiyo mambo yote haya hurudi kwa fundi, kijana aketiye nyuma ya meza ndogo yenye bisibisi na taa, huku mashini tano zimefunguliwa mbele yake. Mwalimu hajui yaliyomo ndani. Akiambiwa, "Kumbukumbu imekufa," ataamini. Akiwekewa diski iliyokwisha kutumika miaka sita katika mashini nyingine, ataiona ni mpya, kwa sababu sura yake ni ile ile. Betri ya kale ikibandikwa karatasi mpya, nani atajua kabla ya miezi miwili?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alilichungua swali hili hili kuhusu wauza farasi. Alifundisha kwamba muuzaji anapaswa kuitaja ila iliyofichika kama yaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari; lakini ila iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, halazimiki kuitangaza, mradi apunguze bei kwa kadiri yake. Kompyuta yafanana na farasi ambaye ila zake zote zimo ndani. Rangi ya kifuniko yaweza kung'arishwa, lakini diski ina hesabu yake yenyewe ya saa ilizofanya kazi, na fundi aweza kuionyesha kwa programu ndogo isiyo na malipo. Fundi asiyependa kuionyesha hesabu hiyo amekwisha kusema neno. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, akinunua mashini ya namna hiyo na kuandika ndani yake kitabu chake cha kumaliza masomo, hasara yake siku diski itakapokufa haiwezi kulipwa kwa kurudishiwa bei.

Ukweli wa fundi una upande wa pili ulio mgumu zaidi, nao ni kusema "hapana". Kila mtu wa Kivu ameona chukudu, baiskeli ile ya mbao: gurudumu likichakaa hutiwa jingine, usukani ukivunjika huchongwa mwingine, na mwenyewe huiita ile ile aliyoinunua ujanani. Jembe vile vile hubadilishwa mpini mara nyingi. Lakini jembe lenyewe likiisha kulika hata likawa kama kijiko, mpini mpya ni kupoteza mti. Mashini nayo ina siku hiyo. Betri iliyovimba yaweza kuwaka moto. Hiyo iondolewe leo, wala isijazwe tena umeme usiku chumbani mwa watoto kwa kuwa "bado yashika kidogo". Ubao mkuu ukiungua, malipo ya kuufufua huenda yakapita thamani yake, na ukafa tena. Fundi mwenye kuishi kwa kutengeneza ndiye anayejua siku hiyo imefika, na ndiye anayepoteza mshahara akiitangaza. Anayesema, "Mwalimu, usinipe fedha yako, hii haifai tena, niuzie sehemu zilizo nzima," amefanya jambo kubwa kuliko kuponya mashini kumi. Na mteja aliyeambiwa hivyo asiende kwa fundi wa pili na wa tatu akitafuta atakayemdanganya kwa upole.

Tuseme basi kwamba mashini ya mwalimu yaponyeka. Amelipa diski na kumbukumbu, betri ataingoja mwezi ujao, na karo haikuguswa. Mpwa wake ameiona ikiamka, akanyamaza. Limebaki jambo moja ambalo karibu kila mtu hulisahau: ile diski ya kale iliyotolewa. Iko juu ya meza ya fundi, nayo haina bei kubwa, fundi asema, "Niachie, nitajua la kufanya." Mwalimu amekwisha kuyanakili maandishi yake, akayafuta ya zamani, akadhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Neno lililofutwa katika diski ya kuzunguka halitoki mara moja. Mashini husahau tu mahali lilipo, na mwenye ujuzi kidogo aweza kuliokota, mpaka liandikwe jingine juu yake. Humo mna alama za wanafunzi wa miaka minane, barua za wazazi wasioweza kulipa, jina la msichana aliyeacha shule na sababu yake. Angekuwa mwuguzi, yangekuwa majina ya wagonjwa. Na Butembo wamekwisha kuona, katika miaka ile ya Ebola, jinsi jina moja likitoka mahali lisipotakiwa kutoka linavyoweza kuifanya nyumba ikimbiwe na majirani.

Diski ni mali ya mwalimu, aweza kuiuza. Yaliyomo si mali yake, aliwekewa amana. Hata fundi awe mwaminifu kiasi gani, si yeye aliyepewa amana hiyo, na meza yake hupitiwa na watu wengi. Kwa hiyo mwalimu amwombe aijaze diski yote maandishi matupu mbele ya macho yake, kazi ya saa kadhaa, naye alipe saa hizo. Kama hana cha kulipa, aitie mfukoni aende nayo nyumbani, na jioni achukue nyundo.